Lalamiko la Mwanafunzi Lisifungiwe Sandukuni

Machi 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku na wavulana 67 wakafa. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 nchini Kenya zilichomwa, huku wanafunzi wakilalamikia kalenda mpya iliyorefusha muhula wa pili na kufuta likizo fupi. Hakuna dhuluma inayohalalisha kutia moto mahali watoto wanapolala. Hata hivyo, shule isiyo na njia ya kusikiliza itajua kwamba wanafunzi wana kinyongo siku watakapogoma.

Shule nyingi zina sanduku la maoni. Swali ni nani ana ufunguo. Ukiwa mfukoni mwa naibu mwalimu mkuu, na naibu ndiye anayelalamikiwa, hakuna mwanafunzi atakayetia karatasi humo. Sanduku lifunguliwe na watu wawili, mmoja wao mwalimu wa ushauri nasaha, kwa siku inayojulikana na wote. Kila lalamiko liandikwe kitabuni: lilipokelewa lini, limepewa nani, jibu litatoka lini. Karatasi zisizo na jina zisomwe pia, tena bila kulinganisha miandiko. Jibu lisomwe gwarideni au lipelekwe kwa baraza la wanafunzi, hata likiwa "hapana", mradi sababu itolewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika halmashauri ya shule. Aalikwe, na apewe nafasi ya kusema.

Malalamiko ya dini na mila yanahitaji subira zaidi, kwa sababu mwalimu huona kanuni ya sare pale mzazi anapoona imani yake ikitukanwa. Januari 2019 msichana Mrastafari alirudishwa nyumbani na shule moja ya upili ya Kibra, Nairobi, kwa sababu ya nywele zake. Babake alienda kortini, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba shule ilikiuka haki ya msichana huyo. Kesi ya hijabu kutoka Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 ilitengua, kwa misingi ya utaratibu, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ulioruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu shuleni. Kesi za namna hii huchukua miezi, hata miaka, na darasa halimsubiri mtoto. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani, mwite mzazi, muulize imani yake inadai nini hasa, kisha halmashauri ijiulize kanuni hiyo inalinda nini. Mtoto abaki darasani mazungumzo yakiendelea.

Dhuluma ya kingono haingojei kikao cha halmashauri, wala haisuluhishwi na wazee kwa faini. Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu wa 2010 unamtaka mwalimu aliyepata habari hizo aripoti ndani ya saa 24. Mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, nambari ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Kwa mambo mengine, mzazi asiyejibiwa na shule aandike kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Akikosa jibu huko pia, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila ada, na mzazi hahitaji wakili.