Futi ya fundi cherehani kwenye kliniki ya ngozi

Kwenye droo ya meza yangu, pembeni ya lenzi ya kukuzia, nina futi ya fundi cherehani. Niliinunua Soko la Mbuyuni. Mgonjwa mpya wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba, nikimwomba asimame nimpime kiuno, jibu huwa moja: "Daktari, mimi nimekuja na magamba, kitambi kinahusika nini?"

Nilianza kuitumia kwa sababu ya dereva mmoja wa Kosta za Moshi–Arusha (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Ana miaka 49, na soriasisi anayo kwa miaka 11: kichwani, viwikoni, magotini na juu kidogo ya makalio. Miaka mingi ya mwanzo alipewa dawa za fangasi, kisha akaambiwa ana "pumu ya ngozi". Sishangai. Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu hauwi mwekundu kama kwenye picha za vitabu. Unaelekea zambarau au kijivu, na asiyeuzoea anaupita hivihivi.

Nilimwanzishia methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, miligramu 15, yaani vidonge sita vya miligramu 2.5, mara moja kwa wiki. Nasema tena, kwa wiki. Kuna watu waliomeza dawa hii kila siku kwa kutoelewa maelezo na wakapoteza maisha, kwa hiyo kila mgonjwa wangu anachagua siku yake na kuitaja kwa mdomo wake mbele yangu. Yeye alichagua Jumatano. Miezi minne baadaye mgongo ulikuwa laini. Halafu akapotea.

Aliporudi, magamba yalikuwa yamerudi yote, na mkononi alikuwa na karatasi ya utrasaundi iliyoandikwa kwamba ini lina mafuta. Dawa alikuwa ameacha mwenyewe. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa la nyumbani. Ni mlokole, hajaonja mbege tangu ujana wake, na hapa Moshi ukitamka neno "ini" watu wanasikia "pombe". Mke wake alianza kumnusa akirudi kazini. "Daktari, dawa zako zimeniharibia ini na ndoa," akaniambia, nusu utani.

Niliazima futi kwa fundi cherehani aliye nje ya geti. Kiuno kilisoma sentimita 108. Kwa mwanaume tunaanza kuwa na wasiwasi kwenye 94, kwa mwanamke 80. Sukari ya wastani wa miezi mitatu ilikuwa asilimia 6.3, yaani kisukari kilikuwa kinabisha hodi. Hapo nikaona kosa langu. Kabla ya kumwanzishia dawa nilipima homa ya ini B na C, VVU na vimeng'enya vya ini, nikaridhika. Tumbo lililokuwa mbele ya macho yangu sikuligusa.

Mafuta yale hayakuletwa na vidonge vya miezi minne. Yalikuwepo kabla. Hili ndilo ninalogombana nalo kila wiki: methotrekseti inasingiziwa, mgonjwa anaiacha, ngozi inaharibika, na ini linabaki na mafuta yake yaleyale. Sisemi dawa haina lawama, maana inaweza kupandisha vimeng'enya na ini linahitaji kuangaliwa muda wote inapotumika. Ila wagonjwa wa baridi yabisi wanaotumia dawa hiyohiyo hupata madhara ya ini kwa nadra kuliko wa soriasisi. Tofauti kubwa iko kwa mwenye mwili: uzito, sukari, pombe. Zamani mgonjwa alichomwa sindano ya kukata kipande cha ini kila alipofikisha jumla ya gramu 1.5 za dawa, ambayo kwa dozi ya dereva wangu ni wiki 100. Siku hizi tunaanza na damu.

Kwa nini basi watu wa soriasisi wanapata ini lenye mafuta karibu mara mbili ya wengine? Soriasisi si ugonjwa wa ngozi tu. Kinga ya mwili imekasirika na inamwaga kemikali za uchochezi, TNF na interleukini 17 zikiwemo, na kemikali hizo hazikai kiwikoni. Zinazunguka na damu. Zikifika kwenye misuli na mafuta, insulini inaanza kupuuzwa, mafuta yanayeyuka kutoka tumboni na kwenda kulundikana kwenye ini. Kitambi nacho hakikai kimya: chenyewe kinatengeneza TNF, kwa hiyo kinachochea ngozi. Ndiyo maana mgonjwa akipungua uzito, mara nyingi magamba nayo yanapungua.

Karatasi ya utrasaundi isikutishe sana, wala isikutulize sana. Ini huhesabiwa lina mafuta yanapozidi asilimia 5 ya seli zake, lakini utrasaundi huyaona vizuri yakishafika kama asilimia 20 au 30. Na ALT, kimojawapo cha vimeng'enya vya ini tunavyopima kwenye damu, inaweza kuwa ya kawaida huku kovu likijijenga. Kovu ndilo ninaloliogopa, maana ndilo linalofikisha watu kwenye ini kusinyaa.

Kuna hesabu ya bei rahisi ya kukadiria kovu hilo, inayoitwa FIB-4. Unazidisha umri kwa AST (kimeng'enya kingine cha ini), unagawanya kwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Dereva wangu: AST 58, ALT 81, chembe sahani 172. Arobaini na tisa mara 58 ni 2842; kipeuo cha pili cha 81 ni 9, mara 172 ni 1548; jibu 1.84. Chini ya 1.3 ningepumua. Juu ya 2.67 ningempeleka haraka kwa mtaalamu wa ini. Katikati pale anahitaji kipimo cha ugumu wa ini, ambacho si kila hospitali inacho. Alikipata, kikasoma kilopaskali 6.9, chini ya 8 tunaamini kovu kubwa halipo.

Mwaka 2023 wataalamu walibadilisha jina la ugonjwa huu wa ini lenye mafuta "lisilotokana na pombe", wakaliondoa kabisa neno "pombe" na kuuhusisha na umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula. Nilimwandikia mke wake maelezo hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kliniki. Sijawahi kuandika barua ya daktari iliyothaminiwa hivyo.

Mlo wake ulikuwa wa barabarani: soda mbili au tatu kwa siku, chipsi mayai stendi, nyama choma jioni. Mtori, supu ya ndizi ya Wachaga, sikuugusa, maana sikuona sababu ya kugombana na ukoo mzima. Tulianza na soda. Chupa moja ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Nikamshauri kahawa isiyo na sukari, kwani wanywaji wa kahawa huonekana kuwa na kovu dogo la ini. Alicheka: kwao Marangu wanailima, wanaiuza, wao wanakunywa chai ya maziwa.

Kupungua asilimia 5 ya uzito kunapunguza mafuta ya ini, 7 uchochezi, 10 hata kovu. Yeye alikuwa na kilo 101. Ilimchukua miezi minane kupunguza saba, na miwili kati ya hiyo ilipotea kwa ajili ya Desemba, maana Desemba Uchagani hakuna mlo wa daktari. ALT imeshuka hadi 44. Methotrekseti tumeirudisha polepole pamoja na asidi ya foliki, na damu tunapima kila baada ya miezi michache.

Mwezi uliopita alinipigia kuuliza kuhusu harusi ya binti yake na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, atakayopewa kukata. Nikamwambia: "Kata, Mangi, na kula. Soda iache mezani."