Kitufe Hakiwashi Taa

Bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuendeshea taa na vifaa kwa programu, ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikilenga wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa na msingi wa elektroniki. Wanachuo wangu wa ufundi stadi ni kinyume chao. Wanatoka fani ya umeme wa majumbani, na baadhi wameshafunga waya nyumba nzima kabla ya kugusa kompyuta. Kwa hiyo wanakwama mahali ambapo masomo mengi ya wanaoanza hupita mbio.

Zamani nilidhani watasumbuliwa na uandishi wa programu: nukta mkato iliyosahaulika, mabano yasiyofungwa, herufi kubwa mahali pa ndogo. Hayo yapo, lakini mazoezi yanayamaliza. Hata resista ya taa, ile inayopunguza mkondo, haiwapi shida. Volti 5 za pini, yaani sehemu ya bodi ya kuunganishia waya, toa 2 hivi za LED nyekundu, ile taa ndogo, zinabaki 3. Gawa kwa ohm 220, unapata kama miliampea 14. Pini inashauriwa isizidi 20. Kanuni ya Ohm wanaijua tangu mwaka wa kwanza.

Kinachowakwamisha ni kitufe.

Nikisema, "Taa iwake mkibonyeza," karibu darasa zima linaweka kitufe kati ya pini na taa, kama swichi ya ukutani. Wakibonyeza, taa inawaka, na wanaona kazi imekwisha. Hapo nauliza: chipu imejuaje kwamba umebonyeza? Haijajua lolote. Ilikuwa inatoa volti 5 muda wote, na kitufe kimekata na kuunga njia tu.

Nawapa mfano wa hodi. Mgeni akibisha, hodi yake haifungui mlango. Aliye ndani akisikia ndiye anayeamua kufungua. Swichi ya ukutani inabeba umeme wa taa, lakini kitufe hiki kinabeba habari. Sivuki hapa mpaka kila mmoja achore njia mbili kwenye daftari: ya habari inayoingia kwenye chipu, na ya umeme unaotoka kwenda kwenye taa.

Wakisharekebisha, wanaunga kitufe kati ya pini ya kuingizia na volti 5. Wakibonyeza inawaka. Wakiachia, taa inapepesa, au inabaki inawaka, au inabadilika mtu akisogeza mkono karibu na waya. Wengine wanadhani bodi imeungua. Fundi umeme amezoea kwamba waya uliokatwa hauna kitu, basi ni sifuri. Kwa chipu, pini isiyounganishwa popote si sifuri. Ukinzani wake ni mkubwa mno, kiasi kwamba hata umeme wa hezi 50 unaopita ukutani unatosha kuiyumbisha.

Dawa iko ndani ya chipu yenyewe. Ukiandika INPUT_PULLUP, resista ya ndani ya kilo-ohm 20 hadi 50 inaishikilia pini kwenye volti 5, na kitufe unakipeleka GND, upande wa volti 0. Sasa kubonyeza ni sifuri na kuachia ni moja. Ugeuzi huu unawachanganya, kwa hiyo siwapi mstari mwingine wowote wa programu kabla hawajapima kwa mita na kuandika: kimeachiwa, 5; kimebonyezwa, 0. Wakishaiona namba kwa macho yao, programu inafuata bila ubishi.

Kisha tunahesabu mibonyezo. Mtu anabonyeza mara moja, kompyuta inasoma tatu au nne. Vyuma vya kitufe vinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na chipu ya Uno, bodi ya Arduino tunayotumia, yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde, inaona kila mdundo. Nawaambia wasubiri milisekunde 50 wasome tena, na kwa sasa delay(), amri ya kusimamisha programu kwa muda, inatosha. Wapo walimu wanaoikataza tangu mwanzo, lakini naona millis(), inayohesabu muda bila kusimamisha programu, inaeleweka vizuri zaidi mwanachuo akishakuwa na kazi mbili za kufanya kwa pamoja.

Zoezi la mwisho ni pampu ya tanki: kitufe cha kuwasha, cha kuzima, na swichi ya boya. Kwanza wanatumia LED mahali pa pampu. Mwanachuo akitambua mwenyewe kwamba boya nalo ni kitufe tu, kinachobonyezwa na maji, ndipo namkabidhi rilei, swichi ambayo chipu inaweza kuiendesha ili kuwasha pampu yenyewe.