Mnywaji akiacha pombe ghafla Ramadhani: yale tunayoyaona wodini Malindi

Mwezi ukiandama tu, siku ya pili ya tatu hivi, wodini huanza kuja wagonjwa wa aina moja. Analetwa na tuktuk, mkewe upande huu na kaka yake upande ule, mikono inatetemeka hata kikombe cha maji hakishikiki, jasho linamtoka usiku wa manane, hajalala tangu juzi na anazungumza na watu ambao sisi wengine hatuwaoni. Wengine washaanguka kifafa nyumbani, ulimi umeumwa. Ukiuliza historia unaambiwa ni majini, au kuna mtu kamtupia kitu kwa ajili ya shamba, na ashasomewa na kupewa kombe, ndo maana wamechelewa kuja.

Mimi ni nesi wa afya ya akili hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha mgonjwa wa pombe au unga, yaani heroini, akitoka kitandani anafika kwenye matibabu. Kabla ya mengine yote naomba mnielewe hili: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata pombe ghafla bila dawa anaweza kufa. Simaanishi kuumwa umwa tu, namaanisha kufa.

Watu wa hapa wanaijua arosto ya unga, yale mateso ya mwili mtu akikosa alichozoea, tumeishi nayo miaka mingi, karibu kila mtaa una mama aliyelia kwa ajili ya mtoto wake. Arosto ya unga ni mateso makubwa, mifupa inauma, kuhara, kutapika, ila kwa mtu ambaye mwili wake bado una nguvu mara nyingi haimuui. Sasa kwa vile pombe inauzwa kaunta mchana kweupe watu wanadhani arosto yake ni nyepesi. Ni kinyume kabisa. Pombe huuzubaisha ubongo, na ubongo ukizubaishwa kila siku miezi na miaka nao huongeza kasi ili uendelee kufanya kazi, kwa hivo ukiitoa pombe ghafla ni kama umetoa breki na mguu bado uko kwenye mafuta. Kutetemeka na jasho huanza masaa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa huja kati ya masaa 6 na 48, na ile hali ya kuchanganyikiwa na kuona vitu, ambayo ndo hatari zaidi, huja kati ya masaa 48 na 96. Hebu hesabu mwenyewe. Mtu kanywa ya mwisho usiku wa kuamkia mfungo wa kwanza, basi masaa 48 mpaka 96 yanaanzia usiku baada ya mfungo wa pili na kufika mfungo wa nne. Familia inaona mwezi mtukufu umeingia na mtu wao kaanza kuona viumbe, na inafikiria yale inayoyajua.

Mimi sigombani na kusomewa. Qur'ani ni haki yake na dua ni haki yake, ninachoomba ni asomewe akiwa na dripu mkononi. Hospitali tunampa dawa ya kutuliza ya kundi la daizepamu tunayoipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na tunampa vitamini B1, manake mnywaji wa muda mrefu huwa hali vizuri na vitamini hii humwishia mwilini, na ukimwekea glukosi peke yake kabla ya B1 unaweza kumharibu ubongo moja kwa moja, akabaki hana kumbukumbu. Hili hata wauguzi wenzangu nawakumbusha kila nikipata nafasi.

Na sio Waislamu peke yao wala sio Ramadhani peke yake. Kuna anayeokoka kwenye mkutano wa injili Jumapili na kuapa hatagusa tena, kuna anayewekwa selo wikendi nzima, kuna wa bodaboda aliyevunjika mguu akalazwa wodi ya upasuaji na hakuna aliyemuuliza kama anakunywa, siku ya tatu anang'oa sindano na kupiga kelele, anafungwa kamba kitandani na kuitwa mkorofi. Huyo si mkorofi, huyo yuko kwenye arosto na dawa yake ipo.

Kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Ukimuuliza mtu wa hapa mbele ya mkewe na mamake "wewe wanywa pombe?" atakwambia la, na mimi simlaumu, mji mdogo huu, aibu inafika msikitini kabla yake. Kwa hivo naomba familia itoke nje kidogo, nafunga pazia, namwamkia kama ni mtu mzima, halafu siulizi kama anakunywa, nauliza wiki iliyopita alipata kinywaji siku ngapi, na mnazi, ile pombe ya utomvu wa mnazi ambayo wengine huiita tembo, nautaja kwa jina lake. Lazima uutaje, kwa sababu wengi hawauhesabu. Nishaambiwa "sista, mimi pombe sinywi, natumia tembo tu na wazee kule mangweni". Mnazi ukigemwa asubuhi huwa mtamu, lakini chachu hufanya kazi haraka, hadi jioni unakaribia asilimia 4 au 5, yaani sawa na bia. Lita moja ina karibu gramu 30 hadi 40 za pombe kavu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20, na ile chupa ndogo ya robo lita ya pombe kali ya asilimia 40 inakaribia gramu 80.

Hizo gramu nazitaja kwa sababu Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 ya kupima unywaji yanayoitwa AUDIT, na humo kipimo kimoja cha kinywaji ni gramu 10. Kwa hivo bia moja ya 500 ni vipimo viwili, na ile robo lita ni vipimo vinane ambavyo kuna mtu anavimaliza peke yake kabla ya isha. Jumla ya alama ni 40. Ukipata 8 kwenda juu unywaji wako ushakuwa wa hatari hata kama hujawahi kuanguka mtaroni, 16 hadi 19 unahitaji kukaa na mshauri zaidi ya mara moja, 20 kwenda juu tunakupeleka kwa mtaalamu akuchunguze utegemezi. Nayaeleza haya kwa sababu watu wanadhani kila mnywaji lazima afungiwe rihabu miezi mitatu na familia iuze ng'ombe. La. Wengi wa alama za katikati wanasaidika kwa mazungumzo ya dakika chache na mtu asiyewahukumu. Ila huyu wa 20 na kuendelea, anayetoa loki, yaani kunywa tena, kila asubuhi ndo mikono itulie, mazungumzo peke yake hayamtoshi, na hapa ndo watu wanapotupotea.

Wanapotea vipi? Mgonjwa amekaa wodini wiki, arosto imeisha, amenawiri, anakula, anacheka na wauguzi, halafu anaandikiwa karatasi ya rufaa na kuambiwa "nenda pale". Anaikunja, anaitia mfukoni, anatoka getini na stejini kuna rafiki zake. Wala sio kwamba hataki, ni kwamba pale pengine hapajui, nauli hana, anaogopa kuonekana akiingia, na mwili wake bado unaidai pombe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa wa heroini na dawa za jamii hiyo, zinazoitwa opioidi, waliofika emajensi. Waliopewa rufaa tu, asilimia 37 ndo walikuwa kwenye matibabu siku ya 30. Waliozungumziwa kwanza na kuunganishwa na kituo, asilimia 45. Walioanzishiwa palepale emajensi buprenofini, dawa ya kutibu uraibu huo, asilimia 78. Ni utafiti wa opioidi, sio wa pombe, na siwezi kusema pombe itatoa namba zile zile, lakini mimi umenifunza kwamba matibabu yaanze mgonjwa akiwa bado mbele yako.

Kwa hivo mimi karatasi siiamini. Napiga simu nikiwa na mgonjwa pembeni, nampa simu azungumze mwenyewe na mshauri atakayempokea, ajue sauti yake na jina lake. Tunapanga siku, na iwe karibu, wiki hii sio mwezi ujao. Nauliza nani atamsindikiza, na mara nyingi sio mke, mke ashachoka na ana hasira zake za haki kabisa, ni dada au shangazi au rafiki aliyewahi kupitia haya. Halafu namuuliza kuhusu matanga, manake kwa Wagiriama na hata kwa wengine hapa matanga bila mnazi ni nadra, na ndiko wengi wanakorudia. Tunapanga kabisa: atakaa upande gani, ataondoka saa ngapi, akishikiwa mboko, kile kibuyu cha mnazi, atasema nini.

Malindi tumejaliwa kidogo kulinganisha na sehemu nyingi za nchi hii. Omari Project, shirika la kusaidia watumiaji wa unga, iko hapa tangu 1995, na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ilifunguliwa hapa hospitalini 2015, kwa hivo watu wa unga wana pa kuanzia. Lakini niwaambie kitu wale walioko methadoni: pombe juu ya methadoni inapunguza pumzi, mtu analala na haamki. Ukifika dirishani umelewa na muuguzi akakataa kukupa dozi anaokoa roho yako, usimtukane.

Dawa za kusaidia kuacha pombe zipo. Naltreksoni hupunguza ile raha na ile hamu, lakini haipewi mtu aliye kwenye methadoni au unga maana itamtia arosto kali hapohapo, kwa hivo usichukue ya jirani. Akamproseti husaidia asiyekunywa tena aendelee kutokunywa. Na kuna disalfiramu, ambayo ukinywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unaenda mbio, unatapika. Hii nawaomba sana wake na mama zetu, msimtilie mtu kwenye chai kwa siri. Najua mmechoka, najua pesa ya chakula imeishia baa, lakini mtu asiyejua amepewa atakunywa kama kawaida yake na anaweza kufa mikononi mwenu. Na wale wa dawa za virusi vya UKIMWI, usiruke dozi kwa sababu jana ulikunywa, meza dawa yako halafu uje tuzungumze habari ya pombe.

Sasa turudi kwa anayetaka kuacha kwa ajili ya Ramadhani, na nia hiyo ni nzuri sana, naiheshimu kuliko ushauri wangu wote. Njoo mwezi wa mlisho, yaani Shaabani. Usingoje mwezi uandame, njoo wiki mbili tatu kabla tukupime, tukuanzishie dawa, arosto ipite chini ya uangalizi na mfungo ukukute mwili umetulia. Ukichelewa na ukaanza kutetemeka ukiwa umefunga, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, imam yeyote atakwambia hivo. Masheikh wetu nao nawaomba mliseme hili kwenye darsa za mlisho, maana kuna watu wanaowasikiza nyinyi ambao kwetu hawatakuja wenyewe.

Kama hujui pa kuanzia piga 1192, ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, na huhitaji kutaja ukoo wako. Na ukimleta mtu hospitali usiku, kitu cha kwanza tuambie kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi na kama ashawahi kushikwa na kifafa akiacha, mengine tutayauliza baadaye akishatulia.