Chokaa ya Lamu na vijiti visivyoonekana

"Oksidi ya metali si ni kutu tu?" Huambiwa hivyo kila nikitaja ninachosomea, yaani chembe ndogo mno za oksidi (metali iliyoungana na oksijeni), na mara nyingi msemaji ameegemea ukuta wa chokaa pale mtaa wa Mkomani, Lamu. Chokaa ile hutokana na matumbawe: hupangwa juu ya kuni, yakachomwa. Jiwe likifika kama nyuzi 900 za selsiasi hutoa kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni oksidi ya kalsiamu. Kalsiamu ni metali. Basi oksidi tumezipikia hapa hapa, tena kwa magogo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: chembe za nano (zinazopimwa kwa nanomita, sehemu ya milioni ya milimita) ni kutwanga tu, twanga hadi uchoke. Kweli, viko vinu vya gololi vinavyofika huko, ila hutoa chembe za kila umbo. Anayetaka vijiti vilivyosimama sawasawa hatwangi, anaotesha. Kioo kilichotiwa mbegu za oksidi ya zinki hulazwa kifudifudi ndani ya maji yenye nitrati ya zinki na kemikali iitwayo heksamini, kwenye nyuzi 90 hivi. Maji hata hayatokoti. Kwa nini kifudifudi? Ili mashapo yanayozama yasitue juu yake (wanafunzi wengi hujifunza hili baada ya kuharibu cha kwanza). Saa chache baadaye kioo kinatoka na ukungu mweupe, mfano wa dirisha lililopigwa na chumvi ya kusi. Ukungu ule ni msitu wa vijiti vyenye pande sita.

Hadubini ya shule haivioni. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kijiti chenye unene wa nanomita 50 hupenya kama dagaa kwenye jarife. Ndipo inapohitajika hadubini ya elektroni, waliyoianzisha Ruska na Knoll mjini Berlin mwaka 1931.

Eksirei nazo husaidia: zikipigwa kwenye chembe huchora grafu yenye vilele, na vilele vikiwa vipana, fuwele ni ndogo, kwa hesabu ya Paul Scherrer ya 1918. Lakini hesabu hiyo hupima fuwele. Chembe moja yaweza kubeba fuwele kadhaa, na wasomi pia huteleza hapo.

Na wale wasemao udogo haubadilishi kitu, wawatazame watalii wa ufuo wa Shela waliopaka puani krimu ya jua, nyeupe pe. Ile ni oksidi ya zinki yenye chembe kubwa. Zikiwa za makumi ya nanomita, weupe karibu wote hutoweka, na miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, bado hunaswa.