Kutengana si Talaka: Maana za Neno Lenye Shina -tenga

Pita katika soko la Kibuye, Kisumu, utamsikia muuzaji akiulizwa habari za mumewe na kujibu, "Tulitengana." Redio iliyo kando yake nayo inatangaza kwamba kaunti imetenga fedha za barabara. Shina ni lilelile, -tenga, yaani kuweka kando. Ukimtengea mgeni chakula umemheshimu. Kijiji kikimtenga mtu kimemwumiza.

Viambishi ndivyo vinavyoonyesha nani kafanya nini. Kutengana ni jambo la wawili. Katika kutenganisha, anayetenda ni mwingine: mwalimu anatenganisha watoto wanaopigana, nasi tunatakiwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Jikoni neno hilo halisikiki sana, kwa sababu mahindi hupepetwa, chai huchujwa na managu huchambuliwa. Bunge, Serikali na Mahakama navyo havisemwi kuwa vimetengana. Husemwa kuna mgawanyo wa mamlaka.

Penye ndoa ndipo neno hili linapowaponza watu, na inaniuma kuona hivyo. Mke akirudi kwao Siaya, au mume akihamia Nakuru asirudi tena, majirani husema wameachana, kana kwamba kutengana ni talaka. Kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014, hao bado ni mume na mke. Hata mahakama ikitoa amri ya kutengana, inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja tu, ndoa inabaki. Wakikaa mbalimbali angalau miaka 2, kwa hiari au kwa amri ya mahakama, muda huo unaweza kutumiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kabisa. Lakini miaka hata iwe 20, haitoi talaka yenyewe. Sharti mtu aende mahakamani kuiomba. (Waislamu wana utaratibu wao wa talaka kwa sheria ya Kiislamu.)

Aliyefunga ndoa ya kanisani au ya serikali, akifunga nyingine kabla ya talaka, hiyo ya pili ni batili. Mara nyingi hayo hujulikana siku ya mazishi, wake wawili wakiwa mbele ya jeneza moja, kila mmoja na cheti chake mkononi. Ndiyo maana dada akiniambia "tuliachana," kabla ya kumpa pole humuuliza: mahakama iliwapa talaka, au mlitengana tu?