Kujitolea Ng'ambo na Nafasi ya Kusomea Udaktari

Kila mara matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yanapotangazwa, wazazi hufika katika ofisi yetu ya mafunzo ya kliniki hapa Kisumu na swali moja: je, mtoto akienda kujitolea hospitalini ng'ambo kwa wiki chache, atapata kwa urahisi nafasi ya kusomea udaktari? Wengine huwa wameshatajiwa na wakala gharama ya safari, na ni gharama ya kumfanya mtu auze shamba.

Kwa vyuo vya hapa nchini, jibu ni hapana. KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huwapangia wanafunzi nafasi kwa kutazama alama za KCSE, hasa za masomo ambayo kozi inayahitaji, yakiwemo Biolojia na Kemia, na cheti cha kujitolea hakiingii katika hesabu hiyo hata kidogo.

Anayeomba nje ana hesabu nyingine. Nchini Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, fomu ya pamoja inayosimamiwa na AAMC, yaani chama cha vyuo vya tiba, humruhusu mwombaji kutaja shughuli zisizozidi 15, saa alizotumia katika kila moja, na hadi 3 anazoziona kuwa na maana zaidi kwake. Hapo kujitolea kuna uzito, ila mimi humwambia kila mzazi kwamba mwaka mzima wa Jumamosi katika zahanati ya Nyalenda una mengi ya kuandikwa kuliko wiki mbili za safari.

Tena safari inaweza kumharibia mwombaji. Mwaka 2011 AAMC ilitoa mwongozo unaowaonya wanafunzi wanaokwenda nchi nyingine wasimfanyie mgonjwa jambo lolote ambalo hawajafunzwa, kwa kuwa linamhatarisha mgonjwa na linaweza kuyadhuru maombi yao wenyewe. Sisi tunalijua jambo hili kutoka upande wa wenyeji, maana vijana hao hutujia kati ya Juni na Agosti, vyuo vyao vinapokuwa likizoni. Katika kituo kimoja nilimkuta kijana ambaye hajaanza hata mwaka wa kwanza wa udaktari ameshika sindano ya kushonea, mbele yake mwendesha bodaboda aliyechanika muundi, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba huyu si daktari. Nilimwondoa pale pale, nikampeleka kliniki ya watoto. Huko alijifunza kumvika mtoto kisuruali cha mizani, kusubiri atulie ndipo asome uzito, na kumsikiliza mama akieleza mtoto amekula nini tangu jana. Hayo anaweza kuyaandika katika fomu bila kuficha neno.

Kwa hiyo kijana wa Kisumu au Ahero anayetaka kuomba nje hana haja ya kununua tiketi ya ndege ili apate la kusimulia. Aombe ruhusa katika kituo cha afya kilicho karibu, aandike katika daftari tarehe, saa, kazi aliyofanya na jina la msimamizi, wala asiandike kamwe jina la mgonjwa. Anayelenga Uingereza aanze mapema zaidi, kwa sababu maombi ya udaktari kupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, hufungwa katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.