Prototaipu ya kamera: uhalisi wake hupimwaje?

Prototaipu ni kamera inayoundwa kiwandani kabla modeli haijaanza kutengenezwa kwa wingi, ili wahandisi waone kama wazo lao linafanya kazi. Huwa moja, mbili, au chache za kuhesabika. Nyingi huishia kufumuliwa na vipuri vyake kutumika kwingine. Zile chache zinazonusurika ndizo zinazogombewa minadani, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazoghushiwa.

Kamera ya kawaida ukiitilia shaka, unatafuta nyingine ya modeli hiyo, unaziweka pamoja na kulinganisha. Prototaipu mara nyingi haina mwenzake. Ukimuuliza muuzaji mbona skrubu hii imekaa pasipo mahali pake, atakujibu kwamba ndiyo maana ikaitwa prototaipu. Na huenda anasema kweli! Kasoro ambayo kwingine ingemuumbua tapeli, hapa inageuka kuwa sifa ya bidhaa. Ndiyo maana mkaguzi mzoefu hashtushwi na upekee wa kamera. Kuwa tofauti na nyingine zote ni jambo ambalo halisi na feki wote wanalo.

Mfano mzuri ni Leica. Oskar Barnack, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, aliunda kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema ya milimita 35 kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo inaitwa Ur-Leica. Mwaka 1923 kiwanda kikatengeneza kamera nyingine ishirini na kitu za kujaribia, zinazojulikana kama Mfululizo wa 0, na mwaka 1925 Leica ikazinduliwa rasmi kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Tukisema kwa usahihi, Ur-Leica ni prototaipu, na zile za 1923 ni toleo la majaribio. Wauzaji hupenda kuyachanganya haya mawili, maana neno prototaipu linapandisha bei.

Juni 2022, kamera namba 105 ya mfululizo huo iliuzwa mnadani Wetzlar kwa euro milioni 14.4. Ilikuwa kamera ya Barnack mwenyewe, na jina lake limechongwa juu ya kitafuta picha. Lakini kuchonga jina kwenye chuma ni kazi ya mchana mmoja kwa sonara yeyote. Kilichoipa kamera hiyo uzito ni kwamba safari yake inafuatilika: ilitoka kwa Barnack ikabaki katika familia, kisha ikaingia mikononi mwa wakusanyaji. Mlolongo huo wa umiliki ndio nguzo ya kwanza ya uhalisi. Barua, picha za zamani zinazoionyesha kamera yenyewe, stakabadhi, kumbukumbu za kiwanda, vyote vinasaidia, mradi vielekee kwenye kamera hii na si kwenye modeli tu. Hadithi ya babu aliyerudi nayo kutoka vitani haitoshi.

Nguzo ya pili ni kifaa chenyewe, na hapo inabidi kuangalia pale ambapo mghushi hakudhani kuna mtu ataangalia. Urusi na Ukraine za enzi ya Kisovieti zilitengeneza kamera za FED na Zorki kwa kuiga Leica II ya mwaka 1932. Nyingi zimekwanguliwa maandishi, zikapakwa rangi ya dhahabu, zikachongwa jina la Leica pamoja na nembo za jeshi la anga la Wanazi au michezo ya Olimpiki ya Berlin, kisha zikaingizwa sokoni kama toleo adimu. Kwa nje zinavutia. Sasa fungua lenzi uchungulie ndani, sehemu ya juu ya tundu: kuna kijimkono kinachogusa lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica ncha yake ni kigurudumu kidogo kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki kwa kawaida ni kipande kilichochongoka kama kabari. Sekunde kumi zinatosha, na dhahabu yote ile inakuwa haina maana.

Namba ya kamera nayo ni ushahidi, ila ina mtego. Orodha za namba za Leica na miaka yake zinapatikana kwa urahisi, kwa hiyo hata tapeli anazo. Tena, kiwanda cha Leitz kilikubali wateja warudishe kamera za zamani ziboreshwe ziwe za modeli mpya, huku namba ikibaki ileile. Namba isiyolingana na umbo haimaanishi lazima ni feki, na inayolingana haimaanishi ni halisi. Kuna pia nakala rasmi: miaka ya 2000 Leica yenyewe ilitoa kamera za kukumbuka Mfululizo wa 0. Hizo si feki hata kidogo, mpaka mtu atakapozichakaza na kuziuza kama za 1923.

Uchakavu nao husomwa. Rangi nyeusi juu ya shaba hulika pale vidole vinaposhika na pale mkoba unaposugua: kwenye kingo, kando ya kitufe, karibu na pete za mkanda. Msasa hauna tabia hiyo. Huacha mikwaruzo inayoelekea upande mmoja na kufika hata mahali ambapo hakuna mkono ungegusa. Shaba iliyofichuka zamani hufifia, ya juzi hung'aa. Kama maandishi yamechongwa juu ya mikwaruzo, basi maandishi yamekuja baadaye, na hapo mazungumzo ya bei yanabadilika.

Maabara inaweza kupima aina ya metali kwa mionzi bila kukwangua kitu. Inasaidia zaidi kukataa kuliko kukubali: ikikuta mchanganyiko wa metali usiokuwepo enzi hizo, kesi imekwisha. Isipoukuta, bado unaweza kuwa umeshika kamera iliyoundwaundwa kwa vipuri vya kweli vya miaka ileile, na hii ndiyo ghushi ngumu kuliko zote.

Kuhusu kuifungua, mafundi hawakubaliani. Ndani kuna alama za vifaa vya kazi, mashimo yaliyotobolewa kwa mkono, pengine namba zilizokwaruzwa na fundi wa kiwandani. Lakini vichwa vya skrubu ambavyo havijawahi kuguswa na bisibisi navyo ni ushahidi, na ushahidi huo unaweza kuharibika siku unapofungua. Mimi ningeanza na picha za eksirei, na kabla ya yote ningepiga picha ya kila skrubu.